Maji Yasiyo na Mvua

Kikosini walimwita Kupe, na aliyembandika jina hilo hakuwa na nia njema. Mkuu wake alipenda kusema kwamba mwanamke huyu akishajishika kwenye jalada, hata ukilichoma jalada utamkuta yeye kwenye majivu. Kupe alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alicheka tu. Alisema afadhali kupe kuliko nzi, maana nzi hutua kila mahali na hajui alichofuata.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha takwimu, amevaa sweta la kuazima. Kiyoyozi hakikuwa na huruma. Mashine ndizo zilizohitaji baridi, walimweleza, na watu walitakiwa kuvumilia. Chumba hakikuwa na dirisha. Humo ndimo zilimotunzwa kumbukumbu za maji ya nchi kavu za miaka na miaka: udongo ulilowa lini, mito ilijaa lini, maziwa yalipungua lini, yote yakionwa na setilaiti kutoka juu. Na huko nje kwenye korido, juu ya bomba la kunawia mikono, palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: HAKUNA MAJI. Kupe aliisoma mara mbili kabla hajaingia.

Kesi yenyewe ilikuwa ya zamani. Fundi wa vituo wa ofisi hii ya takwimu, mwanamume mwenye mke na mama, alitoka kwenda kutengeneza vifaa vya kupimia unyevu wa udongo, akapotea. Gari la kazi lilikutwa kwenye kivuko, mlango wa dereva wazi, mto umefurika. Mwili haukuonekana. Miaka ikapita. Sasa ofisi ilitaka kufunga jalada lake la utumishi, ikaiomba mahakama itamke kwamba amekufa. Mkewe akapinga. Hakimu, ambaye hakutaka kumzika mtu kwa mhuri, akawaambia polisi wamletee jibu Ijumaa: ipo dalili yoyote kwamba fundi yule yu hai, au haipo? Ikiwepo hata moja, kesi itasubiri. Isipokuwepo, fundi atakuwa marehemu kabla ya chakula cha mchana.

Kupe alikuwa amekwisha kupita kote wanakopita wapelelezi: hospitali, magereza, mipakani, kampuni za simu, mochwari. Hakupata kitu. Palibaki mahali pa kazi, na hapohapo ndipo alipofanya kazi mke wa fundi.

Wenzake walimwita Mshonaji. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani mizito, pete ya ndoa bado kidoleni, na tabia ya kukunja shingo kila simu ilipolia, hata kama si yake. Jina alilipata kwa kazi yake. Setilaiti haiishi milele, alimweleza Kupe. Hukaa juu miaka kadhaa, ikachoka, ikafa, ikarushwa nyingine. Na kila moja ina jicho lake. Hii huuona udongo umelowa kuliko ulivyo, ile huuona umekauka. Ukizipanga tu moja baada ya nyingine utadhani nchi ilikauka ghafla siku ile setilaiti ilipobadilishwa. Kwa hiyo ni lazima ya zamani na mpya ziangalie ardhi ileile kwa wakati mmoja kwa muda fulani, ndipo yeye ajue tofauti ya macho yao na kuziunganisha zikawa kumbukumbu moja ndefu. Ya zamani ikifa kabla mpya haijapanda, pengo hubaki, na mashahidi pekee huwa ni vifaa vilivyozikwa ardhini, vinavyotuma vipimo kila baada ya dakika chache kwa njia ya mtandao wa simu. Vifaa hivyo ndivyo alivyokuwa akivihudumia mume wake.

"Mtu akiuliza kama ardhi inakauka, mwaka mmoja haumjibu," alisema. "Miaka mitano haimjibu. Unahitaji miaka mingi, halafu unahitaji uhakika kwamba kilichobadilika ni ardhi, si jicho."

Kupe alilipenda hilo. Alimwambia kwamba hata polisi wangekuwa na mtu wa kushona maneno ya mashahidi, mahabusu zingekuwa na nafasi.

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono nyuma, mtu mwenye adabu ya kutosha na haraka ya kutosha. Alisema wao wametoa kila kitu polisi walichokiomba: ratiba za safari, kumbukumbu za gari, mawasiliano. Kama afande ana swali jingine, ajisikie huru.

"Nina moja," Kupe alisema. "Hapa mnatupa nini?"

"Hatutupi kitu, afande. Tunasafisha."

"Anayesafisha ana takataka. Nataka takataka."

Mkuu alimtazama Mshonaji, na Mshonaji akaitazama meza. Basi ikabidi aelezwe. Vipimo ghafi havifutwi kamwe, vyote hukaa kwenye seva. Ila kabla ya kuingia kwenye kumbukumbu rasmi hupitia kanuni, na kanuni moja husema hivi: kifaa cha ardhini kikidai udongo umelowa, wakati kipima mvua kilicho pembeni yake hakikudondokewa na tone na setilaiti imeuona udongo mkavu, basi kifaa hicho kinadanganya. Kipimo hutiwa alama ya ubovu na hakuna mtu anayekiona tena. Kompyuta hufanya hivyo yenyewe, bila kumwuliza mtu.

"Kanuni hiyo ina umri gani?" Kupe aliuliza.

"Iliwekwa msimu uliofuata baada ya yeye kupotea. Vituo havikuwa na fundi, uchafu ulizidi, na wanaotumia data walilalamika."

"Nani aliiandika?"

"Mimi," alisema Mshonaji.

Walianza kuzipitia takataka, kituo kwa kituo. Mkuu wa kitengo aliaga akarudi, akaaga tena, mwishowe akavuta kiti. Nyingi zilikuwa takataka kwelikweli. Kulikuwa na kituo ambacho mchwa walikula waya, na kwa wiki nzima kikaripoti kwamba udongo una maji kuliko bahari. Kulikuwa na kingine kilichoripoti kiasi kilekile mwaka mzima bila kupepesa, na Kupe akasema anamjua ofisa mmoja anayefanya kazi namna hiyo. Mshonaji alitabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza, na uso ulimbadilika mpaka Kupe akaona jinsi alivyokuwa zamani.

Halafu wakafika kituo cha bondeni.

Hapo mambo yalikuwa tofauti. Kiangazi, jua kali, hakuna wingu, kipima mvua kikavu. Na kipimo cha kifaa kilicho karibu na uso wa ardhi kinapanda ghafla, kisha kile cha chini yake kinafuata polepole, kwa adabu, kama inavyotakiwa pale maji yanaponywea kutoka juu. Baada ya hapo vyote vinakauka taratibu. Baada ya wiki kadhaa, tena. Kiangazi kilichofuata, tena. Kila kiangazi, tangu kanuni ilipoanza kufanya kazi mpaka mwezi uliopita.

Mkuu wa kitengo alisema ni ubovu. Mshonaji alitikisa kichwa. Kifaa kibovu huruka hovyo, alisema, hakikumbuki kumsubiri mwenzake wa chini. Haya ni maji.

Kupe aliuliza kama kuna bomba linalovuja chini ya kituo. Hakuna. Kama chemchemi ingeweza kupanda kutoka chini. Haiwezekani, maana kifaa cha chini ndicho kingelowa kwanza. Akaagiza aitwe fundi aliyerithi kazi ya vituo, bwana mmoja mnene aliyeitwa Spana, ambaye aliingia akifuta mikono kwa tambara na kuonekana kama mtu aliyeitwa shuleni kwa kosa la mwanawe.

"Kituo cha bondeni umekwenda lini?"

"Kabla ya mvua zilizopita, afande. Hakisumbui, kwa hiyo nakwenda mara moja kwa mwaka, nabadilisha betri, nageuza."

"Ulimwaga maji pale?"

"Nabeba chupa moja ya kunywa. Nikiimwaga nakufa."

"Ulikuta nini cha ajabu?"

Spana alifikiri. Alisema waya wa uzio ulikuwa umelala upande mmoja, na palikuwa na kinjia kilichokanyagwa mpaka kwenye kifaa. Yeye alisema ni mbuzi.

"Mbuzi hubeba maji?"

"Hawabebi, afande. Ila huyatoa."

Mkuu wa kitengo alikohoa. Kupe hakucheka, maana aliwahi kufunga kesi kwa ushahidi wa kuku, akamwuliza Mshonaji kama jambo hilo linawezekana. Mshonaji alipiga hesabu kwenye pembe ya karatasi. Kwa maji yaliyofika kifaa cha chini, alisema, huyo mbuzi angekuwa na ukubwa wa lori. Spana akakubali kwamba mbuzi wa namna hiyo angemwona.

Hata hivyo Kupe hakumwachia hapo. Spana alikuwa na funguo, alikuwa na gari, na alikuwa amerithi kiti cha mtu aliyepotea, na mambo hayo matatu yakikaa pamoja polisi hunyanyua nyusi. Alimtaka aeleze alikuwa wapi kila mara udongo wa bondeni ulipolowa. Ilichukua muda, lakini ratiba zilimtetea: mara nyingi alikuwa upande mwingine kabisa wa nchi akichimba mashimo na vibarua walioweza kumtolea ushahidi, na mara moja alikuwa amelazwa kwa ajili ya kidole tumbo. Kupe alimwambia aende zake, akamshukuru. Spana alishukuru zaidi.

Alipogeuka, alimkuta Mshonaji ameikuza picha ya mstari wa vipimo mpaka imejaa skrini nzima, na mkono umefunika mdomo.

"Nini, mdogo wangu?"

Mshonaji alijibu kwa sauti nyembamba. Ule mwinuko mmoja, alisema, si mmoja. Ukiutazama kwa karibu ni mara tatu. Maji, kimya, maji, kimya, maji.

"Hiyo ni hodi," alisema.

Kisha akaeleza, na maelezo yalimtoka bila mpango, kama mtu anayemimina kabati zima kutafuta kitu kimoja. Mume wake kila alipomaliza kufunga kifaa alikijaribu kwa kumwaga maji mara tatu, akipumzika kati yake. Hodi, hodi, hodi. Yeye Mshonaji huku ofisini alikuwa akiusubiri mstari upande, na ukipanda anampigia simu na kumwambia karibu. Mafundi wengine waliiga, lakini mumewe ndiye aliyeianzisha, mwaka walipokuwa wachumba, alipokuwa hana namna nyingine ya kumsalimia akiwa porini mbele ya wakubwa wa kazi. Ofisi nzima ilijua na ilijifanya haijui.

Mkuu wa kitengo alisema kwa upole kwamba ndiyo, walijua.

"Yuko hai," Mshonaji alisema. "Amekuwa akipiga hodi miaka yote hii. Na mimi nimeandika kanuni ya kumfungia mlango."

Hakulia. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtisha Kupe kuliko kilio. Alikuwa amemwona mtu akisubiri hukumu, amemwona mtu akisubiri maiti itambuliwe, lakini hakuwahi kumwona mtu aliyesubiri miaka akadhani anayemsubiri amefika. Mshonaji alimshika mkono. Alisema hiyo ndiyo dalili ya uhai, sivyo? Afande aipeleke Ijumaa. Aipeleke hivyo hivyo ilivyo, na hakimu ataiona kwa macho yake.

Kupe angeweza kuipeleka. Kwa mujibu wa swali la hakimu, ilitosha. Mkuu wake kikosini angefurahi, kesi ingesogezwa mbele, na mwanamke huyu angerudi nyumbani leo akiwa na mume. Alilifikiria hilo kwa dhati, na alijisikia vibaya kwa kuwa alijua hatalifanya.

"Nionyeshe zote," alisema. "Kuanzia ya kwanza mpaka ya mwezi uliopita. Zipange kama unavyopanga setilaiti zako."

Mshonaji alizipanga. Kazi aliijua. Mistari ikakaa skrini nzima, ya zamani kushoto, ya karibuni kulia, na Kupe akavuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Hakuijua sayansi ya maji. Alichokijua ni kutazama kitu kimoja mpaka kichoke.

"Hizi za mwanzo ni ndefu," alisema. "Hizi za mwisho ni fupi."

Ilikuwa kweli. Kila kiangazi vilele vilikuwa vimepungua kidogo kuliko vya kiangazi kilichotangulia. Ukiitazama miaka miwili tu huoni. Ukiitazama yote, mteremko ulikuwa wazi kama ngazi.

Mkuu wa kitengo alisema huo ni uzee wa kifaa, vifaa vyote huchoka. Kupe alimgeukia Mshonaji.

"Umeniambia asubuhi kwamba lazima ujue kilichobadilika ni ardhi au ni jicho. Unajuaje?"

Mshonaji alikwisha kuelewa swali linakokwenda. Hilo Kupe aliliona usoni mwake. Lakini miaka ya kufanya kazi kwa uaminifu haikumruhusu adanganye, hata kwa faida yake mwenyewe. Alifungua vipimo vya masika. Mvua ya mwaka wa kwanza na mvua ya mwaka jana, zinazolingana kwa kipima mvua, zilikuwa zimekipandisha kifaa kwa kiasi kilekile.

"Jicho ni zima," alisema.

"Basi kilichopungua ni maji."

"Ndiyo."

"Na kimya hiki katikati ya hodi na hodi. Mwanzo ni kifupi. Sasa kimekuwa kirefu."

"Ndiyo."

Kupe alieleza anavyofikiri, bila kupaza sauti. Anayemwaga maji ana chombo kimoja tu. Anamwaga, anarudi kujaza, anakuja tena, ndiyo maana pana kimya. Mwenye gari angekuja na madumu matatu akamaliza. Huyu anatembea kwa miguu, kutoka mahali palipo karibu penye maji. Zamani alibeba ndoo iliyojaa na kurudi haraka. Mwaka hadi mwaka anabeba kidogo zaidi na kutembea polepole zaidi. Fundi, kama yu hai, bado ni mtu wa makamo, mwenye mikono ya kubeba betri za gari. Mtu wa umri huo hachoki namna hii.

"Nani anakaa karibu na kituo hicho?"

Kiyoyozi kilinguruma. Mkuu wa kitengo alitazama viatu vyake. Kituo cha bondeni kilijengwa kwenye ardhi ya nyumbani kwa fundi, hilo lilikuwa kwenye majalada yote, kwa sababu ofisi ilitaka mahali ambapo vifaa havitaibiwa.

"Mama mkwe," alisema Mshonaji. "Lakini inaweza kuwa yeye anakuja pale. Inaweza kuwa anakuja kwa mama yake, anaumwa, hana nguvu. Huwezi kujua kabla hujaenda."

Kupe akakubali kwamba hawezi kujua kabla hajaenda. Mshonaji tayari alikuwa anavua sweta. Kupe alimwambia abaki, na Mshonaji akamwambia kwamba amebaki vya kutosha.

Njiani hawakuzungumza sana. Mshonaji alieleza kwamba yeye na mama mkwe wake hawajaonana tangu siku ya mtoni. Siku ile, mbele ya watu waliokuwa wakitafuta mwili, mama aliuliza ni nani aliyemtuma mwanawe kwenye mafuriko, na jibu lilijulikana: setilaiti ya zamani ilikuwa inakufa, vituo vilihitajika, na aliyeandika ombi la haraka alikuwa mkewe. Hakuna aliyetukana. Kila mmoja alirudi kwake, na hakuna aliyepata ujasiri wa kuwa wa kwanza. Kupe alimwuliza kama amemkumbuka mama huyo. Mshonaji alisema amemkumbuka mama yule karibu sawa na anavyomkumbuka mumewe, ila hilo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Walifika alasiri. Nyumba ilikuwa ya bati, imefagiliwa, na bomba moja uani. Upande wa pili wa ua ulionekana uzio wa kituo, mlingoti wake mwembamba na kisahani cha mvua, na waya umelazwa chini kwa kukanyagwa. Kupe alimwomba Mshonaji abaki garini. Akashuka peke yake.

Mama wa fundi alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele. Kupe alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Alijitambulisha kwa cheo na kwa kazi, maana hakuwa na tabia ya kuwazunguka wazazi wa watu. Alisema amekuja kwa ajili ya maji yanayomwagwa pale kwenye chuma.

Mama hakushtuka. Aliweka ungo pembeni.

"Kumbe yanaonekana," alisema.

Alisimulia taratibu, akifikicha vidole. Mwanawe alipokichimbia kile chuma alimwonyesha. Alimwambia, mama, siku ukinikumbuka nami niko mbali, mwaga maji hapa mara tatu, hata niwe wapi nitakuona. Basi alimwaga. Masika hakumwaga, maana maji ya mvua yangechanganyika na ya kwake na mtoto asingejua yapi ni ya mama. Alisubiri kiangazi. Zamani alikuwa akienda na ndoo. Siku hizi magoti hayamtaki, anabeba kidumu cha mafuta ya kula, na hicho chenyewe anakijaza nusu.

"Nani mwingine anakuja pale, mama?"

"Yule mnene wa betri. Na mbuzi wa jirani."

"Mwanao amewahi kuja? Hata mara moja? Hata kwa siri? Sikuja kumkamata."

"Angekuja, mwanangu, ningekuwa nachuchumaa namwaga maji kwenye chuma?"

Kupe alikuwa na majibu yote aliyoyafuata. Angeweza kuaga. Lakini mama alikuwa amemshika kwa macho, na swali lilikuwa linamjia.

"Sasa wewe niambie," mama alisema. "Wewe ni serikali, unajua. Akiyaona, anasemaje?"

Hapo ndipo Kupe aliposikia mlango wa gari ukifunguliwa nyuma yake. Hakugeuka.

"Hakuna aliyeyaona, mama. Ofisini kuna mashine, iliyachukulia kuwa ni makosa ikawa inayaweka kando. Tangu alipopotea, hayakumfikia mtu yeyote. Tumeyaona leo asubuhi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Kupe alijiandaa kupokea hasira ya mama, na aliona kwamba ingekuwa haki yake. Lakini uso wa mama ulikuwa unalegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Mimi nilidhani anaona ananinyamazia," alisema. "Kila mwaka namwita, kila mwaka ananyamaza. Nikasema yuko mahali, ana watu wengine, hanitaki. Nimelala na neno hilo miaka yote. Nimejiuliza nilimkosea nini." Alijifuta midomo kwa kiganja. "Mwanangu hakuwa mtu wa kuitwa na mama yake akakaa kimya. Hajanikataa. Basi amekufa."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo. Ndipo akainua macho akamwona mkwe wake amesimama uani, mikono mitupu, miwani imejaa ukungu wa machozi.

Mshonaji alikuwa amekuja kupinga. Kupe aliliona pingamizi lile kifuani mwake, lote, likiwa tayari: kwamba mwili haukuonekana, kwamba bado kuna vituo havijachunguzwa, kwamba siku mbili zimebaki. Alifungua mdomo.

"Njoo, mke wa mwanangu," mama alisema. "Peke yangu sitaweza kumlilia. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Mshonaji akavuka ua. Alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake, na kilio kilichomtoka hakikuwa na maneno. Mama akamshika kwa mikono yote miwili na kulia naye, kwa sauti, mchana kweupe, mchele ukiwa umemwagika chini na hakuna aliyeuangalia.

Kupe alisimama akatoka mpaka nje ya ua. Hakuwa na la kufanya pale, na macho yake mwenyewe hayakuwa yakimtii. Kwenye njia alikutana na jirani anakuja mbio, mwanamke mwenye mapovu ya sabuni mpaka viwikoni.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

"Mtoto wa mama huyu. Yule fundi."

Jirani alisimama. Alitazama kule nyumbani, akamtazama Kupe, akashusha mikono.

"Lini?"

Kwenye taarifa yake ya Ijumaa Kupe angeandika tarehe ya mafuriko, kivuko, na gari lenye mlango wazi. Hayo yalikuwa ya hakimu.

"Leo," alisema.